Mwacheni Agatha na Sigara Zake

Mwanamke akishavuka hamsini katika mji huu wa Dar es Salaam, jamii humpa nafasi mbili achague. Ya kwanza ni ushangazi wenye busara. Unakalishwa kiti cha mbele kwenye kicheni pati, unapewa maikrofoni, unamwambia bi harusi avumilie, unapigiwa vigelegele, unarudi kukaa. Ya pili ni umama mkwe wa uchawi. Hiyo haina maikrofoni ila ina tamthilia: washa televisheni saa tatu usiku utamkuta, kajifunga kitenge kifuani, anachungulia dirishani huku muziki wa kutisha ukilia kana kwamba yeye ndiye aliyeupiga.

Nafasi ya tatu haipo. Hakuna pa kumweka mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye bado anakurupuka, bado ana wivu, bado anapaka wanja akisikia chumba cha jirani kimepangishwa kwa mgane, na bado anakula kinyongo na mtu aliyemsema vibaya mwaka ule wa uchaguzi. Akifanya hayo anaambiwa, "Lakini wewe si mtu mzima?" Mimi swali hilo nimeulizwa na watoto wangu, na wadogo zangu, na kondakta wa daladala ambaye sekunde chache kabla alikuwa ameniita bibi. Nilipokataa kushuka kabla ya kunirudishia chenji yangu akanihurumia kwa sauti, abiria wote wasikie: "Bibi, tulia." Chenji ilikuwa mia mbili. Nilitulia baada ya kuipata.

Kwa hiyo nasoma riwaya za mauaji.

Msishtuke. Sisomi zile za visu na mabwawa ya damu. Hizo ninazo za kutosha kwenye taarifa ya habari. Nasoma zile za kijijini Uingereza, ambamo mtu huuawa kwa adabu, aghalabu kwa sumu, na kabla ya sura kwisha watu wamekwisha chemsha chai. Maiti huonekana ikiwa tayari imelala vizuri zuliani. Polisi huja, hukosea. Ndipo hutokea mwanamke asiye na bunduki, asiye na kitambulisho, ambaye hakuna aliyemtuma aulize chochote, akauliza kila kitu. Mwisho muuaji hukamatwa na kijiji hurejea kwenye mashindano yake ya maua na keki. Ni usomaji mzuri kwa mtu ambaye usiku huamshwa na joto lisilotokana na hali ya hewa, akakaa sebuleni na feni huku nyumba nzima imelala.

Kipenzi changu katika kundi hilo ni Agatha Raisin. Alizaliwa kitabuni mwaka 1992, akiwa tayari na miaka hamsini na mitatu, na hilo peke yake ni adabu njema kwa mhusika: haturuhusu kumwona akiwa msichana halafu tukaanza kumsikitikia. Aliyemwandika ni M.C. Beaton, ambaye jina lake halisi ni Marion Chesney, Mskoti wa Glasgow. Mama huyo aliwahi kuuza vitabu dukani, akawa mwandishi wa habari za uhalifu magazetini, kisha akaandika riwaya za mapenzi ya kale zaidi ya mia moja kwa majina mbalimbali. Jamani, mtu akishaoza mabinti mia moja kwa malodi wenye mashamba, lazima achoke. Nadhani uchovu huo ndio uliomzaa Agatha.

Agatha ana macho madogo, makali. Ana miguu mizuri na anaijua. Anavuta sigara moja baada ya nyingine. Anakunywa jini na toniki saa ambazo mimi nakunywa dawa ya presha. Hajui kupika, anapasha moto vyakula vya pakiti kwenye maikrowevu, na paka wake wanakula vizuri kuliko yeye. London alikuwa na kampuni ya uhusiano wa umma, kazi ambayo aliifanya kwa kutishia watu na kuwabembeleza kwa zamu. Akaiuza kampuni, akanunua nyumba ndogo ya kupendeza katika kijiji cha kubuni kiitwacho Carsely, kwenye vilima vya Cotswolds, akitarajia furaha itakuwa imemkalia barazani na mizigo yake. Hakumkuta mtu. Wanakijiji wanamsalimia kwa upole, wanafunga mlango.

Sasa angalieni anachofanya. Kijiji kina mashindano ya kuoka pai ya mayai na jibini, ile Wafaransa wanayoiita quiche. Agatha anaona hapo ndipo pa kujipatia marafiki. Kuoka hajui, hivyo anakwenda London, ananunua pai ya mchicha kwenye duka analolijua, anairudisha kijijini na kuiingiza mashindanoni kwa jina lake. Kisha, kwa kuwa hapendi kuacha mambo kwenye bahati, anamtoa jaji na mkewe kwenda kula chakula cha jioni hotelini, kwa gharama zake. Rushwa imeliwa, pai imeonjwa, na ushindi umekwenda kwa mtu mwingine! Hapo Agatha ana hasira za mtu aliyehonga bila matokeo, na mimi msomaji nina hasira pamoja naye. Usiku huohuo jaji anaimalizia pai kwake, anakufa. Ndani kuna mmea wa sumu.

Utaona mtego aliouingia. Ili asiitwe muuaji inabidi akiri kwamba pai si yake. Ama aonekane ameua, ama aonekane hakupika. Kwa muda mfupi anafikiri, na mimi namwelewa kabisa, maana kuna mitaa hapa Dar ambako kosa la kwanza lingesameheka mapema zaidi.

Beaton mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia baada ya shuleni kwa mwanawe kuombwa vitu vya kuoka kwa ajili ya hisani. Naye hakuwa mwokaji, akanunua dukani akaondoa karatasi ya duka akapeleka kama vyake. Nilipolijua hilo nilimpenda zaidi. Kuna akina mama wangapi ambao hawajahamisha pilau ya kununua kuiweka kwenye hotipoti ya nyumbani? Wifi yangu alikuja na pilau kwenye hitma moja, hotipoti yake ileile ya maua mekundu, akaelezea kwa kirefu alivyoamka saa tisa kukaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akataja na mdalasini aliousaga mwenyewe. Watu walikula wakasifu. Kwenye sahani ya shemeji mmoja ikatoka karatasi ndogo imegandana na wali. Shemeji ni mtu wa macho mabovu, akainyoosha mbele ya taa na kuisoma kwa sauti: "Pilau kilo sita, imelipwa nusu." Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko wa hitma yenyewe. Angekuwa hapo Agatha Raisin, angejua la kusema. Angeanza kwa kumtukana mpishi.

Watu wengi hudhani kasoro za mhusika kama huyu ni viungo tu, kwamba mwandishi amenyunyiza sigara kidogo na wivu kidogo ili tusichoke, lakini kesi anaisuluhisha kwa akili. Sikubali. Soma vizuri utaona kesi inasuluhishwa na kasoro zenyewe. Kwa nini Agatha anagonga mlango wa mjane siku ya pili ya msiba? Kwa sababu hana haya. Kwa nini anamfuata mshukiwa hadi mji mwingine? Kwa sababu ana wivu, na jirani yake James Lacey, mwanajeshi mstaafu ambaye moyo wa Agatha umemwangukia, anaelekea hukohuko. Kwa nini muuaji hatimaye anaropoka? Kwa sababu Agatha amemkera kupita kiasi. Mwanamke mwenye staha angekaa kwake, akasoma rambirambi, na muuaji angezeeka kwa amani na kuwa mwenyekiti wa kamati ya maua.

Na kuna ile ya nywele. Mwishoni mwa kitabu kimoja mhalifu anamfanyia ubaya, anampaka kichwani dawa ya kunyonyolea nywele. Kitabu kinachofuata, cha mwaka 1999, kinamkuta amekimbilia hoteli ya mji wa pwani uitwao Wyckhadden, kichwa kina mabaka ya upara, anajificha mpaka nywele ziote ili James asimwone vile. Mjini hapo kuna mganga. Naam, mganga, Uingereza hiyohiyo mnayoambiwa watu wake wanaamini sayansi tu. Agatha anakwenda kwa mama huyo, ananunua dawa ya kuotesha nywele, na kwa kuwa amekwisha fika anachukua na dawa ya mapenzi. Baadaye mganga anakutwa ameuawa, na Agatha anaingia tena kazini na kichwa chake kilichobanduka.

Mpelelezi gani mwingine mnayemjua ambaye anatafuta muuaji huku anatafuta na nywele? Mimi nywele zangu za mbele zilihama miaka kadhaa iliyopita baada ya saluni moja kunipaka dawa na yule binti kuniambia, "Vumilia kidogo, mama, inashika." Ilishika. Tangu hapo mimi ni mtu wa vilemba, na wanaonisifia vilemba vyangu nawashukuru bila maelezo. Tena Agatha ananyonyoa vinyweleo vya juu ya mdomo kwa kibanio. Mwenzangu! Kuna unywele mmoja unaota kidevuni mwangu, upande wa kushoto, mweusi, mgumu, ambao kwenye kioo cha nyumbani hauonekani hata kidogo, ila ukikaa kiti cha mbele kwenye gari la watu ukashusha kile kioo cha juu, unaupata umefika urefu wa kupigiwa saluti. Katika riwaya zote nilizosomeshwa shuleni hakuna shujaa aliyewahi kuwa na unywele huo. Walikuwa na shingo za mviringo na meno yenye mwanya.

Mume wangu hampendi Agatha. Anasoma kurasa mbili tatu nikienda jikoni, anatikisa kichwa. Juzi akaniambia, "Mwanamke huyu angekuwa mke wangu ningemrudisha kwao."

Nikamjibu, "Kwao ni Birmingham, mzee. Nauli utatoa wapi?"

Yeye anampenda Mma Ramotswe, na hilo peke yake linanitia shaka. Mma Precious Ramotswe ni yule mpelelezi wa Botswana aliyeanza kuandikwa mwaka 1998 na Alexander McCall Smith, Mskoti aliyezaliwa Bulawayo. Aliuza ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake akafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, chini ya kilima cha Kgale, ya kwanza ya mwanamke nchini humo. Anaendesha gari dogo jeupe linalokohoa, anakunywa chai nyekundu ya majani ya porini, ana mwili wa kiasili na haombi radhi kwa ajili yake. Nampenda, nisidanganye. Moyoni ana kovu la yule mume wa kwanza, mpiga tarumbeta Note Mokoti, aliyekuwa akimpiga, na la mtoto aliyemzika. Hilo linampa uzito. Lakini, jamani, hapandishi sauti! Mtu amemwibia mteja wake, amedanganya, ameoa huku ana mke, na Mma Ramotswe anamkaribisha chai na kumweleza maadili ya zamani ya Botswana mpaka mwizi analia. Nikijaribu mimi, mwizi anamaliza chai na kuondoka na kikombe. Isitoshe, anapoanza kazi hajafika hata arobaini. Bado mbichi, magoti yanamtii.

Humo ndani wangu ni katibu wake, Mma Makutsi, yule wa miwani mikubwa, aliyepata asilimia 97 kwenye mtihani wa mwisho wa chuo cha ukatibu na hakosi sababu ya kuitaja. Anazungumza na viatu vyake, na viatu vinamjibu kwa kebehi. Ana makasiriko ya mtu aliyesoma kwa shida akaona waliofeli wakipewa kazi kwa ajili ya uzuri wao. Huyo akifika hamsini na mitano nitamnunua kwa bei yoyote.

Miss Marple wa Agatha Christie sina neno naye. Ni bibi yetu sote, tangu riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1930. Watu humsifu kwa upole wake na sindano zake za kufuma, wanasahau kwamba yule bibi anadhania mabaya kila kiumbe, na mara zote anadhania sawasawa. Silaha yake ni kutoonekana: nani atamwogopa ajuza mwenye uzi wa sufu? Anakaa pembeni, watu wanazungumza mbele yake kana kwamba ni kabati. Ni mbinu nzuri, na wengi wetu tunaifahamu, maana kutoonekana hutolewa bure pamoja na miwani ya kusomea. Jessica Fletcher wa Marekani naye, katika tamthilia ya Murder, She Wrote iliyorushwa kuanzia 1984 hadi 1996, vipindi 264, alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mwandishi wa vitabu, asiyejua kuendesha gari, akizunguka kijiji chake cha Cabot Cove kwa baiskeli. Angela Lansbury aliyemwigiza alikuwa anakaribia kutimiza miaka hamsini na tisa tamthilia ilipoanza, akaibeba misimu kumi na miwili, akapendekezwa kwa tuzo ya Emmy mara kumi na mbili kwa uigizaji huo na hakupewa hata moja. Hayo nayo yanahitaji mpelelezi. Ila Jessica, kama Marple, ana tabia njema mno. Watu wanakufa kila anapotembelea na hakuna anayeghairi kumwalika.

Agatha amekataa ukabati. Hilo ndilo linalonifurahisha kwake kuliko kupatikana kwa muuaji yeyote. Umri umempa ruhusa ya kutoonekana naye ameirudisha kwa mtumaji, akavaa viatu virefu ambavyo nyonga yake inavilalamikia, akaenda kugonga mlango. Anajipenda, anajichukia, anaanza mlo wa kupunguza mwili asubuhi na kuuvunja mchana, anadhani mwanamume anayemsalimia kwa heshima amempenda. Angekuwa na miaka ishirini na miwili tungesema ni msichana anajifunza maisha. Ana hamsini na mitatu, na bado hajahitimu.

Mambo yake ya ndoa nayo ni ya kusikitisha mpaka unacheka. James anakubali kumwoa. Tatizo ni kwamba Agatha aliwahi kuolewa ujanani na mlevi mmoja, Jimmy Raisin, ambaye alimkimbia miaka na miaka iliyopita, na ambaye Agatha ameamua kwamba amekufa kwa sababu ingefaa awe amekufa. Hakufuatilia cheti. Siku ya ndoa, katika kitabu cha mwaka 1996, marehemu anajitokeza mzima mbele ya msajili. Ndoa inavunjika papo hapo. Muda si muda Jimmy anauawa kweli, na safari hii wanaoshukiwa ni bi harusi na bwana harusi. Mwanamke mmoja kwenye kikoba chetu nilipomsimulia hadithi hiyo alinyamaza sana, kisha akauliza cheti cha kifo cha mtu aliyepotea kinachukua muda gani. Sikumwuliza kwa nini. Mimi si Agatha.

Walipompeleka kwenye televisheni, filamu mwaka 2014 na mfululizo kuanzia 2016, walimpa kazi hiyo Ashley Jensen, mwigizaji mzuri, mcheshi, Mskoti kama Beaton. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na aliyeamua kwamba Agatha awe na nywele za dhahabu, mwembamba, magauni ya rangi za peremende, na umri uliorudi nyuma mpaka arobaini na kitu. Yaani hata shujaa aliyeandikwa makusudi awe na macho madogo na hasira kubwa, akifika mbele ya kamera anapigwa pasi! Wanatupenda tukiwa na kasoro, mradi kasoro hizo ziwe zimesukwa vizuri saluni.

Lakini nisiwalaumu wa mbali nikaacha wa nyumbani. Fasihi yetu ya upelelezi haikuzaliwa jana. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na mpaka leo sijaona wa Kiswahili anayeweza kukaa akafikiri kama yule bwana. A.E. Musiba alituletea Willy Gamba katika miaka ya sabini, Ben Mtobwa akaleta Joram Kiango. Nimewasoma wote, tena kwa wizi, chini ya dawati, kitabu kimeungwa kwa gundi na kurasa za mwisho hazipo, mpaka leo wapo wauaji ambao sijui walikuwa nani.

Sasa watazameni mabwana hao. Bwana Msa anavuta kiko. Moshi unapanda, watu wanasubiri, na sote tunaelewa kwamba hapo akili inafanya kazi. Agatha akiwasha sigara, mume wangu anasema ni mwanamke asiye na malezi. Willy Gamba anabadilisha viwanja vya ndege na warembo, na hakuna anayemwuliza kama yeye si mtu mzima. Joram anatembea na Nuru, msichana mzuri kiasi kwamba mwandishi mwenyewe hachoki kulitaja. Yuko wapi mwanamke wa makamo? Ndiye anayefungua mlango, anayejibu "Sijui, baba, mimi nilikuwa jikoni," kisha mlango unafungwa na hatumwoni tena. Uongo mtupu. Mwanamke aliyekuwa jikoni ndiye anayejua yote. Dirisha la jikoni linatazama uani!

Mtaani kwetu tuna mama anauza vitumbua, barazani kwake, kuanzia alfajiri. Ana miaka kama yangu. Ni mkali, ana deni la kikoba, anagombana na watoto wanaogusa vitumbua bila kununua, Ijumaa anavaa wigi kwa sababu ya fundi redio mmoja mgane, na sukari anaweka kwa kuonyesha tu. Siku moja pampu ya maji ya kisima chetu ikaibiwa usiku wa mvua. Wanaume wakakutana chini ya mwarobaini na mjumbe. Wakajadili mpaka saa nne. Wakakubaliana kwamba mwizi ni kijana mlinzi wa nyumba ya pili, hoja yao kubwa ikiwa kwamba anatoka mbali.

Mama wa vitumbua alikuwa anageuza vitumbua vyake kwa ule uma mrefu, hajaitwa kikaoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Kijana wa chumba cha nyuma amenilipa deni."

Mjumbe akamwambia, "Mama, tuko kwenye jambo la maana."

"Deni la tangu kabla ya mfungo. Sijamdai, hajafiwa, hajaajiriwa. Amekuja saa kumi na mbili kasoro, amelipa lote, na ndala zake zimeoshwa na brashi. Leo, na tope hili. Nani anaosha ndala kabla hajatoka kwenye tope?" Akamwaga uji mwingine kwenye vikaango. "Mtu anayelipa deni alfajiri bila kudaiwa, huyo ana lake."

Pampu ilipatikana jioni hiyo kwenye karakana ya mtaa wa tatu, imekwisha pakwa rangi ya buluu, bado mbichi. Mjumbe alitutangazia kwamba imepatikana kwa ushirikiano mzuri wa uongozi na wananchi. Mlinzi hakuombwa radhi. Na mama wa vitumbua, wiki iliyofuata, nikawasikia wale wale wa chini ya mwarobaini wakisema angalieni mnachoongea pale barazani, yule mama ni mmbea.

Umbea huo ndio Bwana Msa anaouita utafiti.

Kwa hiyo natoa ombi kwa waandishi wetu, na naomba lisikilizwe kabla sijapandisha sauti. Tunataka mwanamke wa makamo apeleleze kwa Kiswahili. Awe na presha. Awe na miwani anayoitafuta huku ameivaa. Awe na mume anayekoroma, au marehemu mume asiye na cheti, au apende fundi redio. Tafadhali asiwe na busara nyingi, tumezipata za kutosha kwenye kicheni pati. Msimfanye alilie kanisani au atubie msikitini katika sura ya mwisho, akaacha maneno na kuwa mpole. Agatha hakuacha. Beaton alipofariki mwishoni mwa mwaka 2019, vitabu vya Agatha vilikuwa vimefika 30, na mama yule alikuwa bado ana hamsini na kitu, bado anavuta, bado hajui kupika, na mwandishi mwingine akaupokea mkoba akaendelea. Miaka inayokaribia thelathini bila kufika sitini! Cotswolds nzima haina siri nyingine ninayoitaka.

Jambo hili nililipeleka kwa mama wa vitumbua mwenyewe. Nikamwambia, shoga, wewe unastahili kitabu, mpelelezi mkuu uwe wewe. Akanifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti, akafikiri.

"Wananilipa?"

Nikamwambia sidhani.

"Basi sipelelezi. Hiyo kazi naifanya bure kila siku." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Kama ni kitabu, mimi niandike muuaji. Na wa kwanza awe mjumbe."

Nikamwuliza angemuua kwa nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi, akatoa daftari lake la madeni, akaanza kunionyesha kurasa.